Mpunga Ulioitwa Msinicheke

Kila mwaka, nilipokuwa nasahihisha mitihani ya Baiolojia ya Kidato cha Nne hapa Kibiti, kalamu yangu nyekundu ilimaliza wino kwenye neno moja: "ulizoea." Mmea ulizoea ukame. Samaki alizoea giza. Mdudu alizoea dawa, kwa hiyo watoto wake wakazaliwa wamezoea. Nilikuwa nalikata neno hilo kwa hasira mpaka karatasi inatoboka. Wanafunzi wangu wa zamani, wengine sasa wana mvi kunishinda, wakinikuta sokoni hunitania: "Mwalimu, umeshazoea kustaafu?" Sijazoea, na sina mpango wa kuzoea.

Hasira hiyo nimeirithi. Mama yake bibi yangu, Mwajabu, alilima mpunga kwenye delta ya Rufiji, upande wa Mbwera, wakati wa Vita vya Maji Maji, na imani ya kwamba kiumbe huzoea tu nusura imwue mtoto wake. Mtoto huyo ni Semeni, aliyemzaa mama yangu. Ndiye aliyenisimulia habari hii, mengine akiwa ameyasikia kwa mama yake na mengine akiyakumbuka kwa tumbo lake mwenyewe. Nina vyeti vyangu ukutani, lakini najivunia zaidi kutoka katika tumbo la wanawake hawa, na leo sitajifanya mnyenyekevu.

Mwajabu aliolewa delta akitokea Chumbi, kwenye maji matamu. Alikuwa mfupi, mwenye pengo la mbele na ubishi ambao mumewe, Kondo, aliuona mtamu na mavyaa wake aliuona balaa. Mavyaa huyo, mama yake Kondo, aliitwa Mwanamina. Naomba usimchukie mapema. Alikuwa mkulima hodari, na jicho lake la mbegu lilisifiwa mpaka vijiji vya ng'ambo.

Nalitaja jicho hilo kwa sababu kule delta shamba la mpunga ni la wanawake, na mbegu ni ya mwanamke mkubwa wa nyumba. Mavuno yakikaribia, yeye ndiye aingiaye shambani kabla ya kisu cha mtu mwingine. Anatembea taratibu, anayapima masuke kwa macho na kwa kiganja, anakata yale manene yaliyoinama kwa uzito. Anayafunga kicha na kukining'iniza juu ya mafiga, moshi ukifukize kisiliwe na wadudu. Kicha hicho ndicho chakula cha nyumba nzima mwaka unaofuata. Mwanamina alijisifu kwamba suke baya halijawahi kuning'inia juu ya mafiga yake, na lilikuwa kweli.

Shamba lao lilikuwa limefyekwa katikati ya mikoko. Upande mmoja mto unaleta maji matamu, upande wa pili bahari inasukuma maji ya chumvi, hasa wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Kilichotenganisha chumvi na mpunga ni tuta la udongo lililoshindiliwa kwa fito za mikoko. Kila mwaka kabla ya mvua wanaume walilitengeneza tuta hilo, wakiimba na kutukanana kwa furaha.

Mwaka 1905 tuta halikutengenezwa. Wanaume walikuwa wamechoka kulimishwa pamba ya Mjerumani kwa viboko, na habari zilikuwa zimeshuka na mto kuhusu dawa ya maji. Mtu akinywa na kupakwa, risasi ikimgusa itageuka maji. Kondo alikwenda na wenzake, akanywa, akapakwa, akaenda vitani, na hakurudi. Mwaka mmoja vijana wawili darasani walicheka nilipofika hapo. Niliwatoa nje. Mtu anayeifuata bunduki kwa mkuki kwa sababu amekataa kupigwa viboko shambani kwake hachekwi mbele yangu. Kondo ni wangu, na yeye pia najivunia.

Baadaye askari walipita wakichoma vihenge vya chakula kijiji baada ya kijiji. Wanawake walikimbilia mikokoni na watoto mgongoni. Mwanamina aliacha vyungu, aliacha mikeka, akakumbatia kicha cha mbegu. Mvua zilipoanza yeye na Mwajabu walirudi, wakapanda wakiwa wajane wote wawili, bila mwanaume wa kushika tuta. Palizi ilikuwa ya haraka haraka, mara wakisikia mlio wa bunduki wanaacha majembe na kujificha.

Kisha bamvua likaja, likapita juu ya tuta lililobomoka kana kwamba halijawahi kuwepo. Maji ya chumvi yalilala shambani, yakaondoka, yakarudi tena. Mpunga mzuri wa Mwanamina uligeuka njano, ukanyauka, ukalala chini. Mwaka huo katika nyumba ile alizikwa mtoto, mdogo wake Semeni, aliyekuwa bado ananyonya.

Lakini shamba halikufa lote. Hapa na pale ulisimama mche mmoja mmoja, mbali mbali, mfupi, mwekundu wa maganda, wenye ndevu ndefu kwenye suke na punje chache zilizokonda. Kila mwanamke wa delta aliujua mpunga huo. Ulijichomoza kila mwaka katikati ya mpunga mzuri, na kila mwaka uling'olewa kwenye palizi, kwa sababu shamba lenye mpunga mwekundu ni aibu ya mwenye shamba. Mwaka wa vita palizi ilikuwa mbovu, ndiyo maana ulibaki. Shika hilo vizuri, nitalirudia: ulikuwemo shambani kabla chumvi haijafika.

Mwajabu alizunguka shamba zima akikata masuke hayo mabaya. Akayafunga kicha na kukining'iniza juu ya mafiga, penye moshi, mahali pa heshima.

Mwanamina aliporudi kutoka kisimani akasimama mlangoni.

"Mwajabu! N'nini hiki juu ya mafiga yangu?"

"Mbegu, mama."

"Mbegu? Ndevu za beberu hizi, mwanangu. Ujane umekutia wazimu?"

Jirani yao Zena, ambaye hakukosa penye kelele, alikuja kuchungulia, akawaita na wengine. Walicheka wakashika mbavu. Nadhani walihitaji kucheka, maana miezi mingi walikuwa wanalia tu. Mwajabu akasimama mbele ya mafiga, pengo lake wazi.

"Msinicheke," akasema. "Nyie mlopanda wazuri, hao wazuri wako wapi leo?"

Wakazidi kucheka.

Mwanamina hakukosa mbegu. Kaka yake Salumu, aliyekuwa akilima Utete, alimletea kikapu cha mpunga mweupe, punje nene, zinazoteleza mkononi. Yule mama alifurahi akalia. Kwa akili yake mambo yalikuwa wazi: mpunga mzuri wa Utete ndiyo mbegu, na ule mbaya wa Mwajabu ni chakula. Na chakula kilihitajika. Semeni alikuwa na umri wa kukimbia huku na huko, lakini alikuwa hakimbii. Miguu ilikuwa imevimba, nywele zimekuwa za rangi ya kutu, na alikuwa anakaa pale alipowekwa. Mwajabu alimlisha ming'oko, viazi vya mwitu alivyochimba mbali porini, na kaa, na tondo, wale konokono wa topeni chini ya mikoko. Alimlisha chochote kilichochemka kikawa laini.

"Twanga hizo ndevu, mwana anywe uji," Mwanamina akamwambia siku moja, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Mbegu tunayo. Hiki unachokiweka unamwekea nani, ikiwa mwenyewe atakufa?"

Mwajabu aliteremsha kicha. Alikishika mikononi, kinu kikiwa mbele yake, na Semeni akimtazama. Bibi yangu aliniambia kwamba hakumbuki njaa ya siku ile. Anachokumbuka ni kilio cha mama yake, kwa sababu mama alikuwa analia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto. Kisha Mwajabu akasimama, akakirudisha kicha mahali pake, akachukua jembe na tenga, akaenda topeni kutafuta tondo. Alikuwa anaamini kwamba tuta litabaki limebomoka, chumvi itarudi, na mpunga wa Utete utakufa. Kama amekosea, basi amemnyima mtoto wake uji bure. Kama ni kweli na mbegu ile imeliwa, Semeni hatafika mavuno mengine.

Msimu wa kupanda ulipofika, Mwanamina kama mkubwa wa nyumba akagawa shamba. Sehemu ya juu, nzuri, akaichukua kwa mbegu ya Utete. Mwajabu akapewa kona ya chini, penye tuta lililobomoka, ambapo chumvi ingeingia kwanza.

"Kapande ndevu zako huko, tuone."

Hata hivyo Mwanamina hakuwa mjinga. Alijua chumvi itafika na kwake. Kwa hiyo alifanya jambo ambalo kila mtu aliliona la busara. Aliloweka mbegu zake kwenye chungu cha maji ya mto yenye chumvi kidogo. Akayabadilisha, akaongeza chumvi. Akabadilisha tena, akaongeza tena. Akatia mizizi aliyopewa na mganga, akasoma dua, akapanda.

"Utazoea," aliwaambia majirani. "Sie wenyewe tumezoea kunywa kisima cha magadi, mpunga utashindwaje?"

Majirani wakaenda kuloweka za kwao vilevile. Mwajabu hakuloweka kitu. Alipanda punje zake kavu, kama zilivyotoka kwenye moshi, akakaa kungoja.

Bamvua likaja. Mpunga wa Utete, uliolowekwa, ukaombewa na kutiwa dawa, ukageuka njano, ukanyauka, ukalala. Kati yake ilibaki miche ya kuhesabika kwa vidole. Mashamba ya majirani yakawa vivyo hivyo. Katika kona ya chini, miche ya Mwajabu mingine ilikufa pia, asikudanganye mtu. Lakini mingi ilisimama, mifupi, myekundu, yenye ndevu, ikiwa imekanyaga matope ya chumvi kama kwao.

Hapo ndipo nilipokuwa naweka chaki chini na kuwauliza wanafunzi: nani aliubadilisha mpunga? Mmoja ananong'ona, "Chumvi, Mwalimu." Chumvi haikuubadilisha mpunga hata mmoja! Mpunga wa Utete ulilowekwa kwenye chumvi ukafa nayo. Mwekundu ulikuwa hivyo tangu kwenye punje, kabla ya bamvua, kabla ya vita, miaka yote uliyokuwa unang'olewa. Viumbe wa aina moja hawafanani. Tofauti hizo huzuka zenyewe, hazijui haja ya mtu, na nyingine hurithishwa kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Wanazaliwa wengi kuliko wanaoweza kuishi. Mazingira yanaua hawa na kuwaacha wale, na walioachwa ndio wanaozaa, kwa hiyo kizazi kinachofuata kinafanana na walioachwa. Huo ndio uteuzi asilia. Mche mmoja haukugeuka. Kilichogeuka ni shamba, mwaka hadi mwaka, kwa sababu ya nani alikufa na nani aliacha mbegu. Ukirudia hayo kwa vizazi visivyohesabika, hapa chumvi, pale ukame, pale adui mwenye meno, utapata viumbe waliotofautiana kiasi kwamba hawatambuani tena, ingawa ni wa ukoo mmoja. Hayo ndiyo mageuko ya viumbe.

Mwanafunzi wangu mmoja, Sadala, kijana wa madrasa, aliniuliza kwa adabu kama basi Mungu hayumo. Nilimwambia mimi naswali na mpunga naujua, na sijawahi kuviona viwili hivyo vikigombana. Akacheka, akaandika. Leo ni bwana shamba.

Na usiseme kwamba mpunga mwekundu ndio ulikuwa bora. Miaka ya baadaye Mwajabu alimpelekea Salumu mbegu yake kule Utete, kwa majivuno. Kule mafuriko ni ya kina kirefu, maji matamu yanapanda kwa haraka. Ule mfupi ukazama, ukaoza, na Salumu akatuma salamu za kejeli. Bora ni bora mahali fulani, wakati fulani. Ukihama mahali, hesabu inaanza upya.

Lakini nimemwacha Mwanamina amesimama kwenye shamba lake lililokufa.

Semeni aliniambia kwamba bibi huyo alikaa siku nzima kwenye tuta akitazama. Alikuwa amempoteza mwanawe aliyekwenda na dawa ya maji mwilini, na sasa mbegu yake nayo imelala na dawa ya maji. Alfajiri iliyofuata Mwajabu aliamka akasikia makelele shambani. Alipotoka, akamkuta mavyaa wake juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu cha kulindia shamba, teo la kurushia mawe mkononi, anatukana ndege. Kwelea wakija kwa makundi alipiga bati la debe na kuwatajia mama zao. Nguruwe wakitokea alishuka na kijinga cha moto. Alilala humo dunguni na kula humo, na sauti ilipokauka alipiga makofi. Mpunga aliouita ndevu za beberu aliulinda mpaka viganja vikapasuka.

Mwajabu alimpelekea chakula na kumsihi ateremke apumzike.

"N'teremke, waje wale kwelea wamle Semeni?" akajibu. "Nenda zako huko."

Mpunga ukaiva. Siku ya kuingia shambani wanawake wote wa pale walikuja, Zena akiwa mbele, maana kwao hakukuwa na cha kuvuna. Walisimama kwenye tuta. Hakuna aliyecheka. Mwanamina aliteremka kutoka dunguni, amekonda, midomo imepasuka, kisu cha kukatia masuke kikiwa kiunoni kama ilivyo haki ya mkubwa wa nyumba. Wote walimngojea aingie achague mbegu.

Akakitoa kisu, akampa Mwajabu.

"Chagua wewe, mwanangu," akasema. "Jicho langu lilizoea wazuri."

Mwajabu aliupokea mpini kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama anavyofanya mkwe mwenye adabu. Kisha akaingia. Katika ile miche iliyobakizwa na chumvi alichagua yenye punje nyingi kidogo kuliko wenzake, na hakuipita miche michache ya Utete iliyonusurika, aliikata nayo akaifunga kicha kimoja. Hivyo ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Kila mwaka maji yalitangulia kuchagua, naye akachagua katika waliobaki, mpaka mpunga ule ukawa mrefu kidogo, punje zikajaa, na chumvi bado ukaivumilia. Hakuna aliyemfundisha, na wala hakuliita jambo hilo jina lolote.

Siku ile walitwanga na kupika palepale. Wali ulikuwa mwekundu na mgumu, na Semeni alikula mpaka akalala na tonge mkononi. Majirani wakasogea, kila mmoja na kikapu chake kitupu, wakaomba mbegu. Mwajabu akawagawia wote, Zena wa kwanza.

"Na mpunga huu tuuite nani, shoga?" Zena akauliza. Kule kwetu mbegu lazima iwe na jina.

Mwajabu alikuwa bado anammiminia mbegu kikapuni. Mwanamina ndiye aliyejibu, kwa sauti iliyobaki baada ya vita na ndege.

"Unaitwa Msinicheke," akasema. "Na aloupa jina ni mkwe wangu."